Kipimo Kilisema Pampu ni Nzima

"Weye ndio ulisema hii gari iko bulongo, iko nzima. Sasa ona."

Samy alinisukumia mpira wa maji kifuani. Mpira wa zimamoto... umelegea kama utumbo wa mbuzi.

Nyuma yake dépôt, ghala ya magodoro, ilikuwa inawaka, hapa mtaa wa Kikula, katikati ya mchana. Moshi mweusi ulikuwa umefunika jua.

Na ndani ya ule moshi alikuwa mume wangu.

Ndugu zangu mnaosoma, naitwa Bibiane, wa Likasi. Nisikilizeni mpaka mwisho, halafu mnihukumu.

Kazi yangu wengi hawaijui. Nakokota trela nyuma ya pick-up. Juu ya trela kuna tanki la maji, mipira, na kipimo cha nguvu ya maji. Nazunguka kwenye makampuni ya migodi kupima magari ya zimamoto. Gari linavuta maji kwenye tanki langu, pampu yake inayasukuma, na sindano ya kipimo inaniambia kama pampu ni nzima au imechoka.

Basi.

Joachim, mume wangu, ni pompiye. Anazima moto kwenye kikosi kidogo cha kampuni moja hapa mjini, na nyumba za watu zikiungua wanaitwa wao. Gari lao nililipima mimi mwenyewe. Sindano ilipanda vizuri kabisa. Nikamwambia mkuu wao, papa Albert, gari liko sawa, afanye kazi bila wasiwasi.

Siku ya moto nilikuwa njiani kwenda kupima gari lingine, tanki limejaa. Tina, jirani yetu, akanipigia.

"Bibiane, dépôt ya magodoro inaungua. Jessy, ule mama mwenye kuuzisha, alibakia mu ndani. Joachim aliingia kumutafuta."

Sikumbuki nilivyoendesha.

Nilipofika, Jessy alikuwa ameketi chini barabarani, anakohoa, nywele zimeungua upande mmoja. Joachim alimsukuma akatokea dirishani. Yeye mwenyewe hakutoka. Paa lilianguka kati yake na dirisha.

"Maji imeisha?" nikamuuliza Samy, mwenzake wa kikosi.

"Maji iko. Nguvu ndio hakuna."

Sikukubali. Nilisema labda gari lao linavuta hewa kwenye tanki lake. Tukaunganisha gari na tanki langu, maji yapite kwenye kipimo changu. Dereva wao akakanyaga mafuta.

Sindano ikapanda.

Ikapanda mpaka pale pale ilipofika siku ya kupima.

Na mpira mkononi mwa Samy ulikuwa unatoa kijimkojo cha maji, hakifiki hata mlangoni.

Nikaangalia kipimo. Nikaangalia mpira. Kipimo changu kilikuwa kinasema uongo.

"Ya Bibiane, dada yangu, tunafanya nini?" Samy alikuwa analia.

Nikafungua koki ya tanki, maji yakamwagika barabarani. Nikaita wamama wote waliokuwa wamesimama wanatazama. Leteni ndoo, leteni mablanketi, chochote. Wakaleta. Wengine walivua vitenge vyao palepale. Tuliloweka, tukamfunika Samy mpaka usoni, tukamwagia ndoo juu ya ndoo, naye akaingia.

Nilipiga magoti kwenye matope. Niliomba, lakini maneno hayakuja. Nilikuwa narudia jina la Joachim tu.

Samy alitoka akimburuta kwa mshipi.

Hospitalini walimfunga bandeji mikono yote miwili mpaka kwenye mabega. Alipofungua macho, swali la kwanza lilikuwa moja.

"Jessy alitoka?"

"Alitoka."

Machozi yakamtiririka mpaka masikioni.

Nilikuwa nimekaa pale nawaza nani amenifanyia hivi. Papa Albert? Mtu anayetaka soko langu? Nikasema kwa sauti, "Aliyegusa kipimo changu, nitamfikisha tribunal."

"Ni minye mwenyewe nilikigusa," Joachim akasema.

Nilidhani ni dawa zinamsemesha.

"Ile kipimo ya kweli niliitosha kwa trela. Nikatia ya zamani, mbovu, ile sindano yake inapandaka kupita kweli."

"Juu ya nini, Joachim?"

"Gari ikianguka siku ya kupimwa, kampuni inafunga kikosi. Siye wote tuko chômeurs, bila kazi. Nilisema tutatengeneza pampu polepole, hakuna mutu atajua."

Jamani... Huyu huyu aliyeingia motoni bila kufikiri mara mbili. Huyu huyu, asubuhi ile ya kupima, aliamka kabla yangu akasema, pumzika bibi yangu, trela nitaiosha minye.

Nilitaka kumpiga. Hapakuwa na mahali pa kumpiga, mwili mzima bandeji.

Halafu wazo lingine likaniingia, nikasimama.

"Uliirudisha ile ya kweli?"

Akageuza uso wake ukutani.

"Joachim. Nilienda kule mgodini Kakanda na kile kipimo. Nilipima gari la kule. Niliwaambia watu pampu yao ni nzima."

"Usibaite ku simu, Bibiane. Batanifunga."

"Kuna camp ya wafanyakazi pale. Kuna watoto."

"Minye ni bwana yako."

Nilimwangalia. Nampenda, sitawadanganya. Nilipiga simu nikiwa nimesimama hapo hapo, mbele yake, nikaiweka sauti kubwa ili asikie. Dominique, mkuu wa usalama wa Kakanda, akapokea.

"Msiitegemee ile pampu," nikamwambia. "Kipimo changu kilikuwa kibovu. Na aliyekibadilisha ni mume wangu."

Walipima upya, kwa mashine ya watu wengine. Pampu ya Kakanda ilikuwa imechoka kabisa.

Joachim alifukuzwa kazi, na kesi yake bado inaendelea. Mimi wateja wengi wamenikimbia, siwalaumu. Jioni namuosha vidonda, namlisha kwa kijiko, hatuongei sana. Jana aliniambia, "Ulifanya vizuri kuita Kakanda." Nikaendelea kumlisha.

Ninyi mnaosoma, kuna mtu nyumbani anawaficha jambo akisema ni kwa ajili yenu? Muulizeni leo. Na wewe unayeficha, jua kwamba ukweli wako unaweza kukufukuzisha kazi, wewe na wenzako. Uongo wako unaweza kumkuta mtu asiyekujua, amelala kwake na watoto, anaamini maji yatakuja.