Mawese si ya Moteri

Kule Mboko, moteri ya kusagia ya Mama Anastasie ikianza kulia tu-tu-tu, wanawake hujitwika mihogo mikavu wakaenda kusaga. Moteri yenyewe ni kuukuu, ina magurudumu mawili mazito. Marehemu mumewe aliipenda kuliko alivyompenda mama mkwe wake, wala hakuficha.

Asubuhi moja mlio ukageuka. Tu-tu-tu ikawa ko-ko-ko. Harufu ya kuungua ikafuata. Anastasie akaikimbilia. Pistoni ya moteri kama ile haipatikani soko la Baraka, wala la Kazimia. Ikifa, watoto watakula nini?

"Zima, shemeji! Zima!" Anastasie alimpigia kelele Patrice, mdogo wa mumewe, aliyekuwa akiiendesha.

Patrice akazima, akanyakua ndoo ya maji.

"Iko na moto sana. Tuimwangie."

"Weka chini iyo ndoo!"

Aliyesema ni Uwamwiza, jirani, aliyekuwa akingoja zamu na beseni lake la mihogo. Alizaliwa kule milimani kwa wafugaji, na baba yake aliendesha moteri ya namna hii ya kupasua mbao.

"Chuma ya moto ukiimwangia maji ya baridi, inapasuka. Acha ipoe yenyewe."

Patrice akacheka. "Tangu lini bantu ba ng'ombe banajua moteri?"

"Ng'ombe ukimukamua bila kupaka siagi, anakupiga teke. Moteri naye ni vile. Mulitia mafuta gani?"

Patrice akatazama pembeni. "Ya moteri ilikuwa imeisha. Nikatia mawese. Lakini mazuri, ya hapa kwetu Fizi!"

"Na chumvi ulitia?" Uwamwiza akauliza.

Wanawake wakaangua kicheko. Anastasie hakucheka. Alikuwa akilitazama gurudumu kama mtu anayetazama mgonjwa.

Moteri ilipopoa, Uwamwiza akafungua kikombe cha kioo kilicho juu ya silinda. Ndani, mawese yalikuwa yameganda.

"Ona, Mama Anastasie. Yakipata baridi, yanaganda. Yakipata moto, yananata sawa ulimbo. Katundu ka kupitisha mafuta kanaziba, pistoni inakauka, chuma inakula chuma."

Wakakiosha kikombe kwa mafuta ya taa. Wakatia kidogo ndani ya silinda, ulimbo ulainike. Anastasie akashika gurudumu, akasukuma. Halikusogea. Akalitia bega.

"Usilazimishe. Ngoja kidogo, halafu pole pole," Uwamwiza akamzuia.

Akasukuma tena. Gurudumu likagoma, likaguna, likazunguka.

Patrice alikimbia dukani kuleta mafuta ya moteri. Uwamwiza akayachuja kwa kitambaa safi, akayatia kikombeni, akamwonyesha Anastasie kibomba kidogo cha kikombe hicho.

"Mbele ya kuwasha, fungula hapa. Chungulia ku kioo: tone linaanguka, lingine linafuata. Hakuna tone? Usiwashe! Ukizima, funga, juu mafuta yasimwagike bure."

Anastasie akafungua. Tone likaanguka. Patrice akazungusha mkono wa moteri. Ko. Kimya. Anastasie akafumba macho. Ko... tu. Tu-tu-tu!

Beseni la Uwamwiza ndilo lililosagwa kwanza.

Tangu siku hiyo, Anastasie huchungulia kioo kabla ya kusalimia mtu, na moteri haijagoma tena. Patrice tu ndiye aliyelalamika, jioni ile ile, mbele ya sahani yake ya majani ya muhogo.

"Shemeji, hii sombe mbona kavu? Mawese iko wapi?"

"Uliipatia moteri," Anastasie akamjibu. "Kula."