Runinga Iliyokataa Kumwonesha Shadya

Bi Kijakazi alikuwa akimenya muhogo barazani, nyumbani kwao Kengeja, Pemba. Mwanawe, Hafidh, alitoka ndani na simu mkononi. Amekunja uso.

"Mama, runinga imekataa."

"Imekataa nini?"

"Imekataa kumwonesha Shadya."

Shadya ni binti wa Hafidh. Ana miaka kumi na minne. Jumamosi hiyo, saa tisa alasiri, angesoma Kurani kwenye mashindano Dar es Salaam. Mama yake, Safaa, alikwenda naye. Mashindano yangeoneshwa moja kwa moja na huduma ya video ya kulipia, kwa njia ya intaneti. Hafidh alikwisha kulipia mwezi mzima.

Kwenye simu picha za huduma ile zilitoka vizuri. Lakini Bi Kijakazi ana mtoto wa jicho. Kwenye kioo kidogo cha simu haoni sura ya mtu, anaona vivuli tu. Runinga ni kubwa. Akikaa karibu, anaona.

Hafidh alikuwa ameitafuta programu ya huduma ile kwenye runinga. Hakuiona. Akajaribu kurusha picha kutoka kwenye simu kwenda kwenye runinga. Sauti ilikuja, kioo kikabaki cheusi.

Bi Kijakazi aliweka kisu chini. "Ajabu hiyo! Picha ni hiyo hiyo. Simu yaiona, runinga haiioni. Kwa nini?"

Hafidh aliitazama tena simu yake.

Jirani yao Pandu alikuwa akipita. Alisikia, akasimama. "Yuko mtu mtandaoni anafungua programu kama hizo. Mpelekee namba yako na neno lako la siri. Atakufungulia."

Hafidh alianza kuandika.

"Ngoja kwanza," alisema Bi Kijakazi. "Mtu huyo ni nani? Pandu, wewe wamjua?"

"Hapana, Bi Kijakazi. Nimeona tangazo lake tu."

"Basi tumuulize tunayemjua. Mwite Mwalimu Ummkulthum."

Ummkulthum anafundisha kompyuta skuli. Nyumba yake ni ya pili kutoka hapo. Alifika saa nane na nusu, na kompyuta yake ya mkononi ndani ya mkoba.

"Shikamoo, Bi Kijakazi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nieleze. Runinga yetu ni mpya. Kwa nini imekataa?"

Waliingia ndani, Ummkulthum akaikagua runinga. "Runinga haina ubovu. Kila aina ya runinga ina mfumo wake. Kampuni ya video hutengeneza programu ya mfumo mmoja mmoja. Kwa mfumo wa runinga hii, bado hawajatengeneza."

"Na kile kioo cheusi?" aliuliza Hafidh.

"Wamezuia picha isirushwe kutoka kwenye simu. Wanaogopa watu wasije wakainakili."

"Mbona hawakuniambia kabla sijalipa?"

Ummkulthum alifungua ukurasa wa huduma ile. Akashuka mpaka chini kabisa. Hapo palikuwa na orodha ya vifaa, kwa maandishi madogo. "Wamesema, lakini wameficha. Soma hapa."

Hafidh alisoma polepole. Runinga yake haikuwamo. Kompyuta ilikuwamo. Chini yake iliandikwa kwamba kompyuta inaweza kuunganishwa na runinga kwa waya.

"Waya ninao," alisema Ummkulthum. "Lakini neno lako la siri liandike mwenyewe. Hata mimi usinitajie. Aliye nalo anaweza kukufungia nje ya akaunti yako."

Pandu aliinamisha kichwa.

Waya ulichomekwa. Hafidh akaandika neno lake la siri. Mara maandishi yakatokea: akaunti inatumika kwenye kifaa kingine.

Saa tisa kasoro dakika tano.

"Kifaa kingine kipi?" aliuliza Bi Kijakazi.

Ummkulthum alicheka. "Simu yake mwenyewe! Malipo haya ni ya kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Hafidh, toka kwenye akaunti hapo simuni."

Hafidh alitoka. Picha ikaja kwenye runinga. Ukumbi mkubwa ukaonekana, umejaa watu.

Wasomaji wawili walitangulia. Kisha akatoka Shadya, na mtandio mweupe. Bi Kijakazi alisogeza kigoda mpaka karibu na kioo. Shadya alifumba macho, akaweka kiganja sikioni, akaanza kusoma.

Alipomaliza, Bi Kijakazi alikuwa akifuta machozi.

"Mmeuona ule mkono?" alisema. "Babu yake alikuwa akisoma hivyo hivyo. Naye Shadya hakumdiriki, alizaliwa babu keshakufa."

Shadya alipata nafasi ya tatu.

Wiki iliyofuata, Pandu alitaka kulipia huduma ya kuangalia mpira. Hafidh alimzuia. "Usilipe bado. Runinga yako ni ya aina gani?" Wakaitafuta orodha ya vifaa, wakaisoma pamoja mpaka mwisho.

Bi Kijakazi aliwasikiliza. "Hafidh, hao wenye kampuni wajua kwamba huku Pemba tuna runinga kama yetu?"

"Hawajui, mama, mpaka waambiwe."

"Basi waandikie."

Hafidh aliandika, akataja na aina ya runinga. Baada ya siku mbili jibu lilikuja. Alimsomea mama yake: ombi lao limepokewa, na programu ya runinga hiyo inatengenezwa.

"Vizuri," alisema Bi Kijakazi. "Sasa waulize, lini?"