Machela Haina Mlango

Jua lilikuwa linazama fundi alipofika kambini, mgongoni kabeba hema moja, machela moja ya kulalia, na ukaidi wa kuwatosha watu kumi. Ukoko, mpishi wa kambi, alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga. Alipomwona akaacha kusugua.

"Dada, si nilikuambia usije?"

"Uliniambia. Nimekuja."

Ndivyo alivyokuwa huyo mwanamke. Mwambie mlango huu haupiti mtu, atakuuliza ufunguo uko wapi. Alishona maturubai na mahema tangu usichana wake, na nusu ya mahema yaliyowahi kusimama kwenye uwazi ule wa msituni yalitoka mikononi mwake. Ila jioni hiyo hakukuwa na hema hata moja. Wafanyakazi wa kupaka miti alama za rangi, ipi ya kukatwa na ipi ya kuachwa, walikuwa wamehamia ng'ambo ya mto. Walimwacha Ukoko alinde vyombo, maana Ukoko peke yake ndiye hakuogopa kulala pale.

Na waliohama walikuwa na sababu.

Mwaka uliopita dereva wa kambi aliamka asubuhi hana sauti. Si kwamba ilikauka. Haikuwepo. Watu wakasema ni vumbi la njiani, wakaendelea na kazi. Kisha ikawa zamu ya mdogo wake fundi, kitinda mimba wao, ambaye kambini walimwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukupumzika hata akila. Kasuku aliingia hemani akipiga soga, akatoka asubuhi bubu. Daktari alimmulika koo, akasema koo zima, ulimi mzima, ugonjwa hauonekani. Tangu hapo kijana anashinda kitandani, uso kauelekeza mlangoni, machozi yanamtiririka bila kwikwi. Fundi ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa, na kuishi nyumba moja na Kasuku aliyenyamaza kulimshinda kabisa. Alitaka sauti ya mdogo wake. Hakutaka kingine.

Kwa ishara za mikono, Kasuku alimweleza kilichotokea. Usiku ule mtu alipiga hodi nje ya hema. Sauti ilikuwa ya dereva. Naye Kasuku, nusu macho nusu usingizi, akajibu kama ambavyo mimi na wewe tungejibu.

Karibu.

"Kosa ni hema," alisema Ukoko, akimsogezea kikombe cha chai. "Nimesema miaka yote mkanicheka. Hema ni nyumba. Nyumba ina mlango. Mlango, dada yangu, hupigiwa hodi. Mimi nalala kwenye machela, kitambaa kimoja na kamba mbili kati ya miti miwili. Lile dude linapita chini yangu, nalisikia linanusanusa, linakwenda zake. Lipige hodi wapi? Kwenye makalio yangu?"

Hata katika majonzi, fundi hakukubali bidhaa yake itukanwe.

"Machela gani, Ukoko! Unalala umejikunja kama ndizi. Mbu wanakutoboa kwa chini, baridi inakupanda mgongoni, na pasipo miti miwili unalala umesimama. Hema unalitandika popote. Unajinyoosha. Unabadili nguo bila nyani kukuchungulia."

"Na siafu?"

"Siafu humwingilia mzembe asiyefunga zipu."

"Na maji ya mvua yakipita chini?"

"Unachimba mfereji."

"Na hodi?"

Fundi akanywa chai. Miaka yote aliuza mahema kwa maneno yale yale, kwamba hema lina mlango, ukishafunga uko kwako. Sasa aliyatazama mafiga matatu ya Ukoko, meusi kwa masizi. Mama yao ndiye aliyeyapanga pale. Alipika kambini hapo kabla ya Ukoko, kisha akaugua, na mwezi wake wa mwisho hakutamka hata neno moja. Kiharusi, walisema. Fundi aliamini, kwa sababu wakati huo hakuwa na jingine la kuamini.

"Ndiyo maana nimekuja na vyote viwili," alisema. "Njoo unishikie kamba."

Alisimamisha hema kwanza. Halikuwa hema la kuuza. Mishono aliipiga mara mbili, na zipu ya mlango aliitilia kishikio upande wa nje tu. Aliye ndani hana pa kushika. Kwenye kishikio alifunga nyuzi mbili imara, mmoja wa kufungia na mwingine wa kufungulia, wa kwanza akaupitisha chini ya kigingi, wa pili juu ya tawi, zote mpaka kwenye miti ambako machela yake ingening'inia, kando ya ile ya Ukoko. Hemani akatandika blanketi la Kasuku. Mlango akauacha wazi.

"Wote waliolikaribisha walikuwa ndani," alisema. "Mimi nitalikaribisha nikiwa nje."

"Na likiitaka sauti yako?"

"Lije. Litakuta haiuzwi wala haikopeshwi."

Ukoko akakuna kidevu. "Basi sikia moja tu. Mguu wako usiguse chini. Usiniulize kwa nini, sijui. Ninachojua, wote liliowapata walikuwa wamelala ardhini."

Giza likaingia. Wakapanda kila mtu kwenye machela yake. Fundi aliyumba, akashika kamba, akatukana kimoyomoyo. Kweli ilikuwa inakunja mtu kama ndizi. Vyura walikuwa wanalia kule mtoni, nyenje wanapiga kelele, na moto wa mafiga ulibaki makaa.

Kisha vyura wakanyamaza.

Nyenje nao.

Ikaja harufu. Udongo mbichi... udongo wa shimo lililochimbwa leo. Kitu kikawa kinakuja taratibu, kinaburuta majani makavu. Kilipita chini ya machela yake. Alikisikia kinanusa. Kitambaa mgongoni kikapata baridi, akauma shavu lake kwa ndani asipumue.

Kikapita. Kikaenda hemani.

"Hodi?"

Ee Mola! Ilikuwa sauti ya Kasuku. Ile ile, yenye kicheko mwishoni. Fundi alikuwa hajaisikia tangu siku ile, na moyo ulimruka kwa furaha kabla ya kukumbuka hofu.

"Hodi jamani? Wenyewe mpo?"

"Karibu," alisema fundi, kwa sauti kubwa na kavu. "Karibu ndani. Pita."

Turubai likatikisika. Blanketi likaburutwa. Fundi akavuta uzi kwa nguvu zake zote, na zipu ikashuka moja kwa moja mpaka chini.

Zzzzip.

Kisha hema likaanza kuvimba. Likavimba, likanywea, likavimba tena. Mishono ikalia. Haukuachia hata mmoja.

"Dada," sauti ya Kasuku iliita. "Dada, nifungulie. Humu giza."

"Wewe si mdogo wangu. Wewe ni mgeni," alisema fundi. "Na mgeni mwenye adabu haondoki na vyombo vya mwenyeji. Weka chini ulichochukua, kisha uage, nikufungulie."

Likacheka kwa sauti ya dereva. Likalia kwa sauti ya mtoto mchanga. Likaomba maji kwa sauti ya mzee fulani wasiyemjua, likakohoa, likaimba, sauti juu ya sauti, mpaka Ukoko kwenye machela yake akaziba masikio. Fundi hakuziba. Alisubiri.

Ndipo likasema polepole:

"Mwanangu... umekula?"

Hilo lilikuwa swali la mama yake, la kila jioni, hata siku ambazo hakukuwa na kitu cha kula. Kumbe haikuwa kiharusi. Kumbe mama alikufa akiwa na maneno yote kifuani na njia ya kuyatoa hana. Fundi alilia kwa sauti. Alijiinua, machela ikayumba, mguu mmoja ukateleza nje, ukaning'inia, ukashuka...

"Mguu!" Ukoko alinong'ona. "Dada, mguu!"

Kidole gumba kiligusa ncha ya jani. Akakirudisha kama aliyeungua.

"Hodi, mwanangu," lilisema kwa sauti ya mama. "Nifungulie nikuone. Hodi."

Fundi akafuta kamasi kwa kiganja. Sasa alikuwa na hasira, hasira nzuri, ya kumnyoosha mtu mgongo.

"Sikiliza, mwizi we! Mama yangu hakuwahi kunipigia hodi hata siku moja. Mama alikuwa anaingia tu, nikiwa naoga, nikiwa nimelala, nikiwa nimenuna! Mtu hapigi hodi kwa mwanawe. Sauti unayo, lakini mama humjui. Weka chini! Chake weka, na cha mdogo wangu weka, na vya wote weka. Vinginevyo utakaa humo mpaka turubai lioze, na mimi turubai langu haliozi!"

Walikaa hivyo mpaka alfajiri, yeye akitukana na lenyewe likibembeleza. Kulipoanza kupambazuka, hema likatulia. Ndani mkasikika kitu kikiwekwa chini. Kingine. Kingine tena. Taratibu, kama mtu anayepanga vikombe mezani.

Kisha likasema, safari hii bila sauti ya mtu yeyote, upepo tu uliopata maneno:

"Naaga."

"Haya. Nenda."

Akavuta uzi wa pili. Zipu ikapanda. Harufu ya udongo ikatoka, majani yakalala yakielekea msituni, na vyura wakaanza kulia tena.

Ukoko hakushuka mpaka jua lilipochomoza. Hemani kulikuwa na blanketi peke yake, limekunjwa vizuri. Fundi alilikunja hema lake, akalibeba pamoja na machela, akaenda nyumbani mbio mbio.

Kabla hajafika mlangoni alisikia kelele. "Mwanamke gani huyu analala nje, haagi, chai nimempikia imepoa, nimepika tena imepoa tena!" Alikuwa Kasuku, amesimama uani, anaongea na kuku kwa kukosa wa kuongea naye. Walikumbatiana, na kijana hakunyamaza hata wakati wa kulia. Mchana huo dereva naye alipiga simu. Hakuwa na la maana. Alitaka tu kupiga simu.

Hapo ingeisha, na ingekuwa vizuri.

Lakini ukiliambia dude liache vyote, linaacha vyote. Sauti ya Kasuku ilikuwa na koo la kurudia. Ya dereva pia. Ya mama ingerudi wapi?

Jioni ya tatu fundi alikuwa karakanani anashona. Hema lile lilikuwa pembeni, limeviringishwa, na kutoka ndani yake ikatoka sauti, ndogo, ya karibu.

"Mwanangu, umekula?"

Ukoko alipoambiwa akasema lichomwe siku hiyo hiyo. "Utajuaje kama ni mama? Labda limeacha sauti, labda limejiacha lenyewe."

"Nitajua," alisema fundi.

Alilifunga hema kwa kamba za machela, akalining'iniza darini, mbali na ardhi. Mlango wa karakana akaung'oa, bawaba na yote, na majirani wakasema kuuguza kumemwondoa akili. Wacha waseme. Kila jioni sauti inauliza, naye anajibu bila kuinua macho kwenye cherehani: "Bado, mama. Namalizia mshono."

Neno karibu halitamki.

Mama yake hakuwahi kupiga hodi, na hadi leo sauti iliyoko juu haijapiga. Kiberiti anacho mfukoni, na kidumu cha mafuta ya taa kiko chini ya meza. Anashona, na sikio moja liko darini.