Pikipiki Kati ya Magari Yaliyosimama

Kila asubuhi, kabla Zinovia hajamaliza kufunga kamba za viatu, kaka yake Stamatis alikuwa ameshawasha pikipiki chini ya dirisha na kuanza kumpigia honi.

"We Zino! Unafunga viatu au unavishona?"

"Nakuja! Kwani hiyo pikipiki yako ikingoja kidogo itakufa?"

Mama yao hutoa kichwa dirishani kuwakumbusha helmeti, nao humpungia mkono na kuondoka. Waliteremka vichochoro vya mtaa wa juu wa Thesalonike, ambako nyumba zimebanana na paka hulala katikati ya njia kana kwamba wao ndio wenye mji. Stamatis, kijana wa miaka ishirini na miwili, alikuwa akisambaza mikate ya duka moja la mtaani. Baba yao alikuwa baharia na alionekana nyumbani kwa nadra, kwa hiyo kumfikisha Zinovia shule ilikuwa kazi ya kaka.

Zinovia alipenda zaidi walipofika barabara kuu. Hapo foleni ilikuwa ya kukatisha tamaa, lakini si kwa Stamatis. Alijipenyeza katikati ya mistari miwili ya magari, vioo vya pembeni vikipita karibu na magoti yao. Madereva walifoka. Stamatis aliwajibu, "Poleni, wazee! Laleni salama!" na Zinovia akacheka mpaka machozi.

Asubuhi moja ya Novemba walikuwa wamechelewa. Mbele, taa ziligeuka kijani, na magari ya mbele kabisa yakaanza kusogea. Lori dogo la maziwa na teksi iliyokuwa ubavuni mwake hazikuondoka. Zinovia alichungulia juu ya bega la kaka yake, akauona mkono wa dereva wa lori ukitoka dirishani na kupunga, kama mtu anayemwambia mwenzake, pita, pita.

"Shika vizuri," Stamatis alisema. "Tuwawahi hawa kabla hawajaamka."

Akaongeza mafuta. Wakatokeza mbele ya lori, na papo hapo akatokea mzee mwenye gunia begani. Stamatis alikanyaga breki. Tairi lilipiga kelele, pikipiki ikalala ubavu, na wote watatu wakaanguka. Gunia lilipasuka. Viatu vya kila aina vikatapakaa barabarani, vya kike, vya kiume, vya watoto.

Zinovia alichubuka goti tu. Stamatis aliinuka akichechemea. Mzee hakuinuka. Alikuwa ameushika mguu wake wa kushoto, uliokuwa ukitoka damu, na kuuma meno.

Watu walijaa upesi. "Si yule fundi viatu, Yordanis?" muuza magazeti akapaza sauti. "Mnywaji yule! Kajirusha barabarani!"

Stamatis, uso mweupe kama chokaa, alilidaka neno hilo. "Ndiyo. Kajirusha. Mmeona wenyewe."

Hakuna aliyekuwa ameona. Dereva wa lori na yule wa teksi, walipoona umati unakua, waliondoka zao. Zinovia alipiga magoti, akaokota viatu kimoja kimoja mpaka gari la wagonjwa lilipofika.

Jioni, supu ya dengu ilipoa mezani. Afande wa trafiki alikuwa amewaita kituoni kesho yake, kaka na dada, waeleze yaliyotokea.

"Alitoka mbele ya lori kama mbuzi," Stamatis alisema. "Mtu mwenyewe mlevi. Mimi ningefanya nini?"

"Hakutoka kama mbuzi," Zinovia alisema. "Alikuwa anatembea. Na dereva wa lori alimpungia mkono apite. Niliuona."

Kijiko cha Stamatis kikasimama hewani.

"Mwanangu," mama alisema kwa upole, "wewe ulikuwa nyuma. Utasema ulikuwa umeinamisha kichwa, hukuona kitu. Basi. Hakuna anayekutaka useme uongo."

"Kusema sikuona wakati niliona si uongo?"

"Usinijibu hivyo!"

"Sijibu vibaya, mama. Nauliza."

Stamatis alisukuma bakuli. "Wakininyang'anya leseni nitapelekaje mikate? Mgongoni? Nimekubeba kila siku tangu ukiwa darasa la tatu, na leo unanigeuka!"

Maneno hayo yalimchoma Zinovia, kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Machozi yalimlenga lakini hakuyaruhusu yashuke. "Nakupenda, kaka," alisema. "Lakini nitasema nilichokiona. Hata mkinifungia chumbani, nitakisema kupitia dirishani."

"Mtoto huyu kichwa chake ni jiwe!" mama alilalamika, akaanza kuondoa vyombo vilivyokuwa bado vimejaa supu.

Kesho yake Stamatis hakupiga honi. Zinovia alikwenda shule kwa miguu. Huko nako habari ilikuwa imeshafika.

"Eti unataka kumuuza kaka yako?" Lazaros, mvulana wa darasani kwake, alimwambia mbele ya wenzake.

"Nimuuze? Kwa miguu ile inavyonuka, nani atamnunua?"

Wenzake walicheka, lakini Lazaros hakukoma. "Msaliti ni msaliti tu. Damu ni damu."

"Na ile iliyomwagika barabarani ilikuwa maji?" Zinovia alimwuliza.

Alipotoka shule alipitia hospitalini. Alikuwa amevitia viatu vyote vya mzee katika mfuko. Bwana Yordanis alikuwa amelala, mguu umefungwa plasta ngumu na kuinuliwa juu ya mto. Kando yake alikaa binti yake Mirto, mwanamke mwenye macho makali.

"Wewe ndiye ulikuwa kwenye ile pikipiki?" Mirto alisimama. "Umekuja kutazama kazi yenu?"

"Nimeleta viatu, shangazi. Na nimekuja kusema kwamba baba yako hakujirusha. Nitawaambia hivyo polisi."

Sura ya Mirto ikabadilika ghafla. Akamvutia kiti. "Kaa, mwanangu, kaa. Mungu akubariki. Utawaambia alikuwa akivuka kwenye kivuko cha pundamilia, sivyo?"

"Hapana, shangazi. Pundamilia ilikuwa mbele kidogo."

"Hatua chache! Nani atazipima?"

"Hakuna. Lakini hakuwa kwenye pundamilia."

"Basi ni yale yale! Unamkinga kaka yako!"

"Nyumbani wananiambia namkinga baba yako," Zinovia alisema. Hakushusha macho. "Simkingi mtu. Sitamwongezea kaka yangu kosa, na sitampunguzia."

"Toka!"

"Mwache, Mirto," sauti ya mzee ikasema kutoka kitandani. "Mtoto anasema kweli. Gunia lilikuwa zito, nikaona uvivu kufika pundamilia. Niliangalia magari, yote yamesimama, dereva akaniita, nikapita. Katikati ya magari sikuangalia." Akamgeukia Zinovia. "Wanasema nilikuwa nimelewa?"

Zinovia alitikisa kichwa kukubali.

"Jioni nakunywa, sikatai. Lakini asubuhi mikono hii hushika sindano na kisu. Fundi anayelewa asubuhi hana vidole. Hebu tazama." Akainua mikono yote miwili. Vidole kumi vilikuwapo, vimekakamaa, vyeusi kwa rangi ya viatu. Mirto aligeukia dirishani, na Zinovia akaaga.

Kituoni, Afande Asimina aliwakaribisha kwenye chumba kidogo chenye harufu ya kahawa. Stamatis alianza. Alisema mzee alijirusha na kwamba yeye alikuwa akienda polepole. Mama aliketi akisokota kitambaa mkononi. Kisha afande akamgeukia Zinovia.

"Hulazimiki kusema. Na unajua maneno yako yanaweza kumnyima kaka yako leseni?"

"Najua, afande. Ndiyo maana sitaki liingie neno hata moja la uongo."

Akasema yote. Pundamilia ilikuwa mbele kidogo na mzee hakufika huko. Mzee mwenyewe alikiri kwamba hakuangalia katikati ya magari. Dereva alimpungia apite. Stamatis aliongeza mafuta. "Na mimi nilichelewa kushuka nyumbani," alimalizia, "na kila siku alipojipenyeza hivyo, nilicheka. Sikuwahi kumwambia apunguze."

"Alikuwa nyuma!" Stamatis alipayuka. "Ameona nini huyu?"

Afande Asimina hakumkemea. Alimwuliza taratibu, "Stamatis, taa zilipogeuka kijani, lori liliondoka?"

"Halikuondoka."

"Na teksi?"

"Haikuondoka."

"Ulidhani vinasubiri nini?"

Stamatis aliinamisha kichwa akitazama sakafu. Akasema, "Sikudhani kitu. Nilitaka kuwapita tu kabla hawajaondoka." Akavuta pumzi. "Hakujirusha, afande. Watu walisema kajirusha, nami nikaona ni mlango wa kutokea."

"Sasa tunazungumza," afande alisema. "Mzee ana lawama yake. Asiyefuata kivuko na asiyeangalia kila upande hujiweka hatarini, na hilo litaandikwa. Lakini fikiri. Pale barabarani kila mtu alikuwa amesimama isipokuwa wewe. Anayetembea katikati ya waliosimama ndiye wa kwanza kuangalia, kwa sababu hakuna anayemtarajia. Pita polepole kiasi kwamba mtu akitokea, unasimama. Kama huwezi kusimama, huna haki ya kupita hapo. Gari likikataa kuondoka wakati taa imeliruhusu, mara nyingi mbele yake pana mtu."

Uamuzi ulipotoka, sehemu kubwa ya lawama ilimwangukia Stamatis na ndogo ikabaki kwa Bwana Yordanis. Leseni ya Stamatis ilizuiwa kwa miezi kadhaa. Mwenye duka alinung'unika, kisha akampa mikate ya vichochoro vya mtaa wa juu aisambaze kwa miguu, kwenye ngazi ambazo hata pikipiki isingepanda. Wiki ya kwanza alirudi nyumbani hoi, akamwambia Zinovia neno moja tu: "Umeridhika?"

"Sijaridhika," Zinovia alimjibu. "Hujaenda kumwona mzee."

"Unaniamrisha?"

"Ndiyo."

Stamatis alimkazia macho. Zinovia naye akamkazia. Jumapili, Stamatis ndiye aliyetangulia kuvaa koti.

Walikwenda watatu, pamoja na mama. Bwana Yordanis alikuwa ameketi, amezungukwa na viatu vya wauguzi waliomletea visigino vilivyolegea. Stamatis alisimama mlangoni kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.

"Nilisema ulijirusha, mzee. Nilisema uongo mbele za watu wote. Nisamehe."

"Mguu huu ukipona tutazungumza habari za kusamehe," mzee alisema. "Kwa sasa vua hicho kiatu cha kulia. Soli imekwisha. Umeanza kutembea, naona."

Mirto hakutabasamu. Hakusema pole wala karibu. Lakini alisogeza kiti kimoja kuelekea kwa mama, na mama akakaa.

Walipokuwa wakishuka ngazi za hospitali, mama alimshika Zinovia mkono. Stamatis alikuwa mbele, akichechemea kwa kiatu kimoja na soksi moja, maana kile kingine kilibaki kwa fundi.

"Nilidhani nikikunyamazisha nitamwokoa kaka yako," mama alisema. "Ungenyamaza, angeendelea kujipenyeza vile vile, na safari nyingine angemgonga mtoto, au angekufa yeye. Uongo ungemkinga na afande tu. Usingemkinga na barabara. Kosa ni kulikubali lote, bila kupunguza na bila kuongeza, ndipo mtu aache kulirudia. Wewe uliliona hilo mapema kuliko sisi wakubwa."

Zinovia alishuka ngazi nyingine, mkono wake ungali ndani ya mkono wa mama.

"Kwa hiyo sikiliza," mama akaendelea. "Nikikuambia tena unyamaze juu ya jambo kama hili..."

"Sitanyamaza."

"Sijamaliza!"

"Hata ukimaliza, mama, sitanyamaza."

Mama alimtazama, akacheka, akamkaza mkono. "Ndilo nililotaka kusema, jiwe langu. Usinyamaze."