Maji ya Kumrudisha Hayat

Maji ya moto hayamwagwi chini kimyakimya. Hilo pale mjini Aruwi hata mtoto anayetambaa analijua: ukimwaga, unataja jina la Mungu kwanza, majini wanaoishi chini ya ardhi wapate kujisogeza. Na msafiri akitoka, anamwagiwa maji nyuma yake, pale kizingitini, ili arudi. Lakini hayo ni maji ya baridi, mwenzangu, ya baridi kama yalivyotoka mtungini. Arkia aliyajua yote mawili tangu hajaota meno. Ndiyo maana mimi mtu akiniambia alikosea tu, namwangalia mara mbili.

Asubuhi ile mdogo wake Hayat alikuwa keshaingia kwenye teksi, hina mpaka kwenye viwiko, anakwenda Ubelgiji kwa mumewe. Mama yao analia mlangoni huku anacheka.

"Arkia! Maji! Mmwagie mwenzio maji arudi salama!"

Arkia akaingia jikoni. Jagi la maji ya baridi lilikuwa mezani, limejaa, limewekwa kwa kazi hiyo hiyo. Birika la chai lilikuwa motoni linatokota. Mkono wake ukalipita jagi ukashika birika. Akatoka, akayamwaga yote kizingitini, midomo ameifunga.

Chini ya jiwe kitu kikalia mara moja, sauti nyembamba, kama paka mchanga. Maji yakazama yote, wala hayakutoa mvuke.

"Mama, umesikia?"

"Nisikie nini? Mwanangu anaondoka, nisikie nini?"

Teksi ikakata kona. Arkia akabaki na birika tupu mkononi.

Nikueleze kilichomfikisha hapo, maana msichana huyu hakuzaliwa na roho mbaya. Arkia alifanya kazi kwenye uwanja mdogo wa ndege nje ya mji. Kazi yake ilikuwa kupekua wanawake nyuma ya pazia kabla hawajapanda ndege za kwenda Ulaya. Mwanamke anaingia, ananyoosha mikono, Arkia anampitishia viganja mabegani, kiunoni, miguuni, basi, nenda. Saa tatu za angani wanakuwa Brussels au Düsseldorf. Maharusi wa mji mzima wamepita mikononi mwake, wamenukia hina na marashi, na yeye akitoka hapo anapanda basi dogo kurudi kwa mama yake. Ana miaka thelathini na nne, hajawahi kukanyaga ngazi ya ndege.

Kiangazi kilichopita ndipo binamu yao Nordin alipokuja kutoka Ubelgiji kuchumbia. Alikuja kumtazama Arkia, na wote walijua. Desturi ni kwamba msichana anayetazamwa ndiye anayeleta sinia la chai sebuleni. Siku hiyo ndege ya Düsseldorf ikachelewa, Arkia akazuiwa kazini, wageni wakangoja mpaka chai ikataka kupoa. Mama akamwambia Hayat, "Peleka wewe, tutaambia watu nini?" Hayat akapeleka. Nordin akamtazama Hayat. Arkia aliporudi na sare yake, jasho linamtiririka, akakuta wanawake wanapiga vigelegele, na mwenye kupigiwa si yeye.

Hakulia. Aliosha vikombe, mwenzangu. Aliviosha mpaka mama akamwambia vimetosha.

Mwezi haukuisha tangu teksi ile iondoke, Hayat akapiga simu ya picha. Ilikuwa mchana, mama amelala, jua limewafungia watu wote ndani. Hayat alikuwa jikoni kwake, uso umemsawijika.

"Dada, uko nyumbani?" akanong'ona.

"Niko nyumbani. Mbona unaongea hivyo?"

"Una uhakika?"

"We Hayat, una wazimu? Si unaniona?"

Hayat akageuka akatazama nyuma yake, akarudisha uso kwenye simu. "Nina mimba, dada. Mama nilimwambia jana."

"Hongera," akasema Arkia.

"Si hilo nililokupigia. Kuna mtu humu ndani. Anatembea nyuma yangu, nasikia miguu yake inavyochuruzika, nikigeuka nakuta nyayo za maji sakafuni. Nikizikanyaga zinaniunguza. Na kuna harufu, dada, kama kuku aliyetiwa maji ya moto anyonyolewe." Akaisogeza simu mdomoni. "Nordin anakuita usingizini."

"Ananiita mimi?"

"Arkia, Arkia. Anakuita kwa mahaba. Asubuhi upande wake wa kitanda unakuwa umelowa, wa moto."

Na hapo, wakati Hayat anafuta machozi kwa kiganja, nyuma yake kwenye mlango wa jikoni akapita mwanamke. Alivaa sweta ya buluu ya sare ya uwanja wa ndege. Hakuharakisha. Alipita kama mwenye nyumba anayefuata chumvi, na kabla hajatoka kwenye kioo cha simu aligeuza kichwa akamtazama Arkia, na uso ule Arkia aliuona kila siku kiooni alipochana nywele.

Aliogopa, nisimsingizie. Simu ilimponyoka ikaanguka mkekani. Lakini chini ya woga kulikuwa na kitu kingine, na hicho ndicho kilichomkosesha raha jioni nzima, anamenya viazi anajikata vidole, anaulizwa jambo anajibu lingine: kwamba yule amekwenda na uso wangu, amevuka bahari kwa uso wangu, analala penye joto nililonyimwa, anaitwa kwa jina langu kwa mahaba, na mimi mwenye jina na uso niko hapa namenya viazi. Akamwonea wivu. Fikiria mtu kumwonea wivu jini!

Hayat alirudishwa nyumbani mimba ikiwa ya miezi minne, amekonda, nyayo zimebabuka kama za mtu aliyetembea kwenye majivu ya moto. Nordin alibaki Ubelgiji, akisema kwenye simu kwamba mkewe anajiunguza mwenyewe. Mama akamwita Si Allal, yaani Bwana Allal, fakihi anayewasomea wenye majini, mzee mfupi mwenye kikohozi na maneno ya kawaida kama ya muuza duka, mtu wa kukwambia ukweli huku anatafuta miwani yake.

Alimsomea Hayat aya na dua alasiri, madirisha wazi, harufu ya ubani ikijaribu kuifunika ile harufu ya manyoya na ngozi. Haikuweza. Alisoma, akakohoa, akasoma, na Hayat aliyekuwa amelala kimya akafungua kinywa ikatoka sauti ya mwanamke mtu mzima, sauti iliyochoka, ya mtu aliyekwisha kulia sana.

"Mwanangu alikuwa amelala mlangoni kwenu. Hatukuwahi kuwaudhi. Maji yakamchuna ngozi."

"Amekufa?" Si Allal aliuliza polepole.

"Siku tatu alinililia. Sasa nangoja kichanga cha huyu. Kikizaliwa ni changu."

Mama akajipiga kifua. Arkia akaegemea ukuta.

"Maji yalimwagwa na nani?" fakihi akauliza.

Kisha mama, bila kugeuza shingo, akasema kwa sauti ndogo, "Arkia. Mwambie mzee wetu Si Allal."

"Ni mimi," akasema Arkia. "Jagi na birika vilikuwa pale pale, na watu wanapiga kelele. Nilikosea."

Sauti iliyo ndani ya Hayat ikacheka. "Alikosea! Msikieni!"

Si Allal alivua miwani, akamtazama Arkia mpaka Arkia akainamisha macho. Akamwita uani.

"Sikiliza, binti yangu. Mimi si polisi, sikuulizi ulikosea au hukukosea. Utachukua maji ya baridi, utataja jina la Mungu, utamwaga pale pale. Utaomba radhi kwa mama aliyefiwa. Halafu utasema umeridhika na alichopewa mdogo wako, mume na mtoto na safari. Useme kwa moyo. Wale hawasikii ulimi."

"Nikisema kwa ulimi peke yake?"

"Hatakuwa na haja ya kutoka. Wewe ndiye mlango wake." Akakohoa. "Kwani ni kazi ngumu? Ni mdogo wako huyo. Hukumbeba mgongoni wewe?"

Alimbeba, kweli. Alimbeba mpaka mgongo ukapinda.

Arkia akaleta jagi. Watu wakasimama ndani wakimtazama. Akataja jina la Mungu, akamwaga, akaomba radhi, na machozi yalimtoka ya kweli, maana alimhurumia yule mtoto ambaye hakuwahi kumwona. Akasema, "Nimeridhika na alichopewa Hayat." Lakini wakati anasema akaliona akilini lile sinia la siku ya uchumba. Sinia la shaba, vikombe sita, mnanaa unaelea, linaingia sebuleni mikononi mwa Hayat. Neno likatoka mdomoni peke yake, bila moyo.

Harufu ikakatika saa ile ile. Hayat akaketi, akaomba mkate na mafuta ya zeituni. Mama akaanguka miguuni kwa fakihi. Fakihi peke yake alikitazama kizingiti mara mbili kabla ya kutoka, lakini alikuwa mzee, na watu walikuwa wanamkumbatia.

Nyayo za Hayat zikapona. Rangi ikamrudi usoni, tumbo likatokeza, Nordin akapiga simu kila siku akiomba msamaha mpaka mama akaanza kumcheka. Siku ya safari ilipofika mama aliyashika mwenyewe maji ya baridi. Arkia hakuwepo, alitangulia kazini.

"Leo mdogo wako anaondoka tena?" Buzian, askari wa mashine ya mizigo, alimtania. "Na wewe lini? Sisi tutakupekua bure."

"Pekua mizigo yako, Buzian."

"Haya, usinile! Nimeuliza tu."

Hayat akaingia nyuma ya pazia. Wakakumbatiana, na tumbo likawa katikati yao, gumu, hai. Arkia akampitishia viganja kama abiria yeyote, mabegani, kiunoni, miguuni. Pakavu kote.

"Dada," Hayat akamnong'oneza, "najua uliumia. Sijawahi kukwambia. Akiwa msichana nampa jina lako."

"Nenda, utachelewa," akasema Arkia, na akambusu paji la uso. Nakwambia alimpenda. Vyote viwili vilikaa ndani ya kifua kimoja, sijui vilipataje nafasi.

Hayat akatoka upande wa pili. Pazia likasogea, abiria mwingine akaingia, akasimama amempa mgongo, mikono amekwisha kuinyoosha kama mtu aliyezoea. Arkia hakumtazama uso, wapekuzi hawatazami nyuso. Akaweka viganja mabegani na kitambaa kilikuwa kimelowa chapachapa, cha moto, akashuka kiunoni na maji yakamchuruzika vidoleni, akataka kuiondoa mikono na mikono ikaendelea kushuka yenyewe kama inavyoshuka kila siku kwa kila mwanamke, mpaka miguuni, mpaka kwenye dimbwi dogo lililokuwa linatanda sakafuni bila mvuke, na ile harufu ya kuku wa kunyonyolewa ikamjaa puani.

"Una maji," akanong'ona, maana hakuwa na neno lingine isipokuwa la kazi. "Maji hayaruhusiwi."

"Haya ni yako," akajibu yule mwanamke. "Uliyamwaga wewe."

Akageuka. Alikuwa na uso wa Arkia, lakini umepumzika, umejaa, uso wa mwanamke anayependwa. Akatengeneza sweta yake ya buluu mabegani, akatokea upande wa pili wa pazia.

"We Arkia! Unakwenda wapi huko nje?" Buzian alikuwa anapiga kelele. "Arkia! Rudi, utafukuzwa kazi!"

Arkia akatoka nyuma ya pazia akasimama kando yake. Buzian akamtazama, akatazama dirishani, akamtazama tena. Akachomoa redio kiunoni.

Pale hakuna mabasi ya abiria. Watu wanatembea kwa miguu mpaka ngazi ya ndege. Hayat alikuwa amefika katikati ya lami, mkono mmoja chini ya tumbo. Yule akamfikia, akampokea begi. Hayat akageuka na uso ukamchanua kwa furaha, ikaonekana wazi kupitia kioo kwamba anasema, Dada! Wamekuruhusu? Wakaanza kupanda ngazi bega kwa bega.

"Yule ni nani?" Buzian alinong'ona. Redio ilikuwa mkononi mwake, kidole kwenye kitufe. "Arkia, yule ni nani? Niwaambie wasifunge mlango? Sema, niwaambie?"

Neno moja lilitosha, na Arkia alikuwa nalo. Alikuwa na pumzi ya kulisema, na tumbo la mdogo wake alikuwa bado analisikia kwenye kifua chake. Lakini macho yake hayakuwa kwa Hayat. Yalikuwa kwa yule mwenye sweta ya buluu, anavyoinua mguu, anavyoushika ukingo wa ngazi, anavyoingia kwenye mlango ule ambao Arkia amewapitishia wenzake miaka yote. Akamwonea wivu tena. Hata huyu amekwenda. Akataka kumwona anaingia, angalau kumwona, kujua inavyokuwa.

"Arkia!"

"Subiri," akasema. "Subiri kidogo."

Buzian akasubiri. Mlango wa ndege ukafungwa.