Nani Aanze?

Kila Jumapili familia ya Bi A-lan hula pamoja nyumbani kwake, mjini Hsinchu. Yeye hupika tambi za mchele na supu ya madonge madogo ya nyama. Wanawe huja na wake zao. Hakuna anayegusa vijiti vya kulia kabla ya mama kuanza. Na kwa miaka mingi hakuna aliyezungumzia kazi.

Sababu ilikuwa Pei-chun, mke wa mwanawe mkubwa, na Ting-yao, shemeji yake. Wote wawili walibuni chipu za kompyuta, lakini katika kampuni mbili zilizoshindana miaka mingi. Neno likiponyoka mezani, mtu angeweza kufukuzwa kazi.

Kisha kampuni hizo zikaamua kushirikiana. Ya Pei-chun ingetengeneza chipu ya kufanya hesabu. Ya Ting-yao ingetengeneza chipu ya kuchora picha kwenye skrini. Chipu zote mbili zingekaa ndani ya kasha moja, na kila kampuni ingebaki na ubunifu wake.

Chipu za majaribio zikaja. Skrini ikabaki nyeusi. Kundi la Pei-chun likaweka juu ya mashine pakiti ya kijani ya vitafunwa, kama wafanyavyo mafundi wa Hsinchu ili mashine iwe na adabu. Kundi la Ting-yao likaweka yake pembeni. Pakiti zikawa mbili, picha hakuna.

"Tatizo liko kwenu," alisema Ting-yao.

"Kwetu kuko salama, shemeji. Jikagueni nyie."

"Basi tuonyesheni mlivyounda."

"Thubutu! Kwani nyie mtatuonyesha?"

Bosi wa Pei-chun alimwita. Mteja anayetaka kununua chipu hizi anakuja mwisho wa mwezi, alimwambia. Asipoona picha, ushirikiano unakufa, na kundi lako linavunjwa. Pei-chun aliogopa sana.

Jumapili ile mama alikuwa bado jikoni, anakaanga mboga. Pei-chun na Ting-yao walikaa mezani wakitazamana, tambi zikapoa. Mama akatoka, akashika kiuno.

"Nyie! Mbona mnatazamana kama majogoo?"

"Tunakusubiri uanze, mama," alisema Ting-yao.

"Si nimepiga kelele toka jikoni, kuleni? Siku nikifa mtakufa njaa na vijiti mkononi!"

Ting-yao alicheka. Pei-chun hakucheka. Alimtazama shemeji yake, akataka kumuuliza jambo moja, akajizuia.

Asubuhi alikwenda kwa Bi Sung, mwanasheria anayesimamia mkataba wa kampuni zote mbili.

"Naomba kumuuliza Ting-yao swali. Mashine ikiwashwa, chipu yao inaanza kutuma ishara, au inasubiri yetu ianze? Au hiyo ni siri?"

"Kumbe hamjaulizana?"

"Tuliogopa."

Bi Sung alishusha miwani. "Sikiliza, dada. Nyie ni nyumba mbili zenye mlango mmoja katikati. Jirani hana haja ya kujua umeweka wapi dhahabu yako. Lakini lazima ajue nani anabisha hodi na nani anafungua. Ya mlangoni ambianeni, tena yaandikeni. Ya chumbani, kila mtu na yake."

Ting-yao akaitwa, akaulizwa.

"Yetu inasubiri yenu," alisema.

"Na yetu inasubiri yenu," alisema Pei-chun.

Bi Sung alicheka mpaka akafuta machozi.

Waliandika makubaliano: chipu ya hesabu ianze. Chipu mpya hazikuhitajika. Kundi la Pei-chun lilibadilisha tu maagizo ya programu ya kuwashia. Walipowasha, picha ya majaribio, birika jekundu, ikatokea kwenye skrini, ikazunguka polepole. Mteja alikuja, akaliona, akakubali. Kundi la Pei-chun likabaki na kazi yake.

Jumapili iliyofuata mama aliketi, akala tonge la kwanza. Ting-yao akamwinamia Pei-chun.

"Shemeji, ile chipu yenu haipati moto kabisa. Huko ndani mmefanyaje?"

Pei-chun alimsogezea bakuli.

"Kula, shemeji. Supu inapoa."