Sauti Waliyoifuta

Yapo mapenzi yanayoanza kwa tabasamu. Haya yalianza kwa kelele, kwenye foleni ya posta ya Machakos, Jumatatu ya soko, watu wakiwa wamebanana mpaka mlangoni.

Swabra Othman alikuwa wa pili kwenye foleni. Alivaa abaya nyeusi yenye utepe wa kijani mikononi, ushungi wa kijani, na raba nyeupe. Ni fundi wa simu, na alikuwa amekuja kuchukua kifurushi cha vioo. Mbele yake alisimama kijana mrefu wa shati la maua, akibishana na karani kwa dakika ishirini nzima kama vile posta ni ya babake.

"Justus, hizi si sahani za kulia chakula. Ni santuri. Za muziki!"

"Santuri ziliisha kitambo," karani alijibu bila haraka. "Watu wanaskiza na simu. Fungua nione."

Kijana akapasua boksi, akatoa santuri moja na kuiinua kwenye mwanga. Ilikuwa imepinda kama chapati iliyosahaulika juani. Akashika kichwa.

"Aki nitalia! Miezi mitatu nimengoja hii kitu!"

Swabra akacheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa.

"Unacheka nini, dada?"

"Mwanamume mzima na ndevu zake, analilia plastiki. Songa, niko na wateja."

"Plastiki? Huu ni muziki wa haus, ule wa dansi za klabu, ile ya chini kwa chini, haijawahi kuchezwa redio. Jamaa aliitengeneza chumbani kwake, nakala mia mbili pekee, ikapotea. Ndiyo imetolewa upya sasa. Lakini wewe utajuaje?"

Hilo la "utajuaje" lilimkera Swabra.

"Baba yangu alitengeneza muziki kama huo. Hapa Machakos, nyuma ya duka la redio. Sasa songa."

Kijana hakusonga. Watu nyuma walipiga kelele, mama mmoja akamsukuma na kikapu, naye akabaki amemkodolea macho Swabra.

"Rudia hapo," alisema.

Jina lake Farhan. Alikuwa na chumba cha santuri juu ya duka la dawa, na wikendi alipiga muziki kwenye harusi na hoteli. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kutafuta muziki uliosahaulika na kumpelekea Mike, mwenye kampuni ndogo huko Ubelgiji inayotoa upya nyimbo za namna hiyo. Kesho yake alikuwa mlangoni pa Swabra na mandazi ya moto. Wiki moja baadaye simu zilianza kabla duka halijafunguliwa.

"Sasa, malkia wa skrini?"

"Malkia hana wakati. Niko na simu sita za kufungua."

"Ongeza yangu. Haishiki mtu mwingine ila wewe."

"Huo si ugonjwa, Farhan. Huo ni uongo. Naujua."

"Na bado umeshika simu, mpenzi."

Swabra akakata, akicheka peke yake mbele ya duka lililofungwa.

Alimpenda. Nasema wazi mapema, kwa sababu mbele kidogo mtadhani alimchukia.

Baba yake, marehemu Othman, alikuwa fundi redio. Mwaka wa tisini na nane bendi moja ilimletea kinanda na mashine ya ngoma, haikurudi tena, na Othman akaanza kuvichezea duka likishafungwa. Alichanganya mdundo wa kilumi, ule wa ngoma za Wakamba, na kishindo cha haus, akauza kanda arobaini pale soko la Marikiti. Miaka minane baadaye alifariki. Iliyobaki ni kanda mama, ile ya kwanza iliyozaa nakala zote, moja tu, ambayo mkewe, Bi Pili, aliifunga kwenye leso na kuiweka ndani ya kopo la maziwa.

Mwisho wa wimbo wa tatu ngoma zinanyamaza, na kwa sekunde nane anasikika Othman mwenyewe akimwita mkewe. Ni hapo tu duniani sauti yake ilipo. Bi Pili hakuwahi kuisikiliza tangu mazishi. Alisema inamtosha kujua kwamba ipo. Kwa hiyo Swabra naye, kila alipomchezea Farhan kanda ile, alizima kabla ya kufika pale. Aliona si adabu kijana wa nje aisikie sauti ambayo mama mwenyewe hajawa na nguvu ya kuisikia. Hakumweleza kwa nini anazima, na Farhan hakuuliza.

Bi Pili alikubali kanda iende Ubelgiji. "Watu wamjue," alisema. "Lakini irudi kama ilivyokwenda."

"Itarudi, mama," Farhan aliahidi, mkono kifuani.

Miezi minne ikapita. Siku Swabra alipotimiza miaka ishirini na minane, Farhan alifika kwao nyuma ya msikiti amebeba gramafoni na bahasha pana. Ndani mlikuwa na santuri mpya, na kwenye jalada lake picha ya Othman mbele ya duka, na jina lake kwa herufi kubwa. Swabra alipiga ukelele wa furaha. Bi Pili aliingia chumbani, akatoka amevaa dira lake la zambarau, lile la Idi, na hina mikononi.

"Leo nitamsikiliza," alisema. "Niko tayari."

Farhan akaweka sindano. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Wa tatu ulipokaribia mwisho, Bi Pili alimshika bintiye mkono na kuinamisha kichwa karibu na spika. Ngoma zikanyamaza. Santuri ikazunguka kidogo kwenye ukimya, kisha sindano ikainuka yenyewe.

Bi Pili alingoja. Alingoja mpaka ikawa aibu kumtazama.

"Swabra," alisema taratibu, "mbona hakusema?"

Swabra alirudisha sindano. Ngoma, kisha kimya. Akarudisha tena. Alipoinua uso, Farhan alirudi nyuma hatua moja.

"Iko wapi sauti ya baba?"

"Sauti gani?"

"Usiniulize sauti gani! Mwisho wa wimbo, mtu anaongea, anakohoa. Iko wapi?"

"Fundi wa kule aliniuliza. Alisema mwishoni kuna mtu anaongea, tukate? Nikasema kata. Nilidhani ni mteja ameingia dukani."

"Mteja! Mteja atamwambia mama yangu, 'Pili, mtoto amelala?' Huyo mtoto ni mimi, Farhan!"

"Hukuniambia! Nimeskiza hiyo kanda na wewe mara nne, na mara nne umezima hapo. Ningejuaje?"

Ulikuwa ukweli, na hakuna kinachoudhi kama ukweli unaosemwa wakati mbaya.

"Na santuri ya majaribio?" Swabra alisogea. "Wewe mwenyewe ulinifunza. Kiwanda hutuma nakala ya kwanza, wenye muziki waiskize, wakikubali ndiyo zingine zichapwe. Yetu iliskizwa na nani?"

Farhan alianza kuirudisha santuri kwenye jalada lake.

"Na nani?"

"Na mimi. Nilitaka iwe sapraizi, mpenzi."

"Usiniite mpenzi. Toka. Na usirudi bila kanda ya baba."

Bi Pili alikwenda kulivua dira, akalikunja, akalirudisha sandukuni, na hilo lilimuumiza Swabra kuliko maneno yote.

Kumbe kanda nayo ilikuwa na kisa. Santuri mia tano zilikuwa tayari zimechapwa, na mkataba haujatiwa sahihi. Mike alisema kanda itarudi familia ikishatia sahihi kuzikubali hivyo zilivyo, kabla ya hapo hapana. Farhan aliandika ujumbe huo, akautuma kwa Swabra. Jibu lilikuja kwa simu.

"Kwa hivyo ulitoa kanda ya marehemu bila hata karatasi?"

"Nilimwamini."

"Na mimi nilikuamini wewe. Ona sasa tulipo, wajinga wawili."

"Swabra, nipe wiki."

"Chukua mwaka. Usinipigie."

Hakupiga tena. Wiki ya kwanza Swabra alifanya kazi kwa hasira, akavunja vioo viwili vya wateja, akamfokea muuza maji. Wiki ya pili alianza kutazama simu yake kila ilipolia, akajichukia kwa hilo. Alimkumbuka. Hata hivyo, angemwona barabarani angemrushia bisibisi.

Ijumaa ya wiki hiyo simu ililia, namba ya nje. Alikuwa Mike, kwa Kiingereza cha hasira.

"Mwambie mpenzi wako aache! Ameyaandikia maduka yote. London, Berlin, Tokyo! Maduka kumi na moja yamekataa santuri yangu!"

"Ameandika nini?"

"Kwamba kanda ni ya watu na hamjatia sahihi. Kwamba kosa la kukata sauti ni lake yeye, na la kubania kanda ni langu mimi. Ameweka jina lake chini! Mwambie hakuna kampuni itakayomgusa tena. Amekwisha!"

"Na kanda ya baba yangu?"

Mike akavuta pumzi. "Imetumwa leo. Sitaki kuwasikia tena."

Swabra alifunga duka saa nne asubuhi, wateja wakimwangalia. Alivuka barabara bila kutazama, bodaboda ikampigia honi, akapanda ngazi za duka la dawa mbili mbili. Farhan alikuwa sakafuni amezungukwa na maboksi, fulana imechakaa, ndevu hazijachongwa.

"Nani alikutuma?" Swabra alifoka.

"Hata salamu hakuna?"

"Nani alikutuma kujiharibia jina? Hiyo ilikuwa kazi yako! Hukulala kwa sababu ya hiyo kazi!"

"Ulisema nisirudi bila kanda."

"Nilikuwa na hasira!"

"Hata sasa uko nayo."

"Sana! Ningekuwa na kiti hapa ningekurushia!"

"Keti kwanza, halafu utarusha." Hakucheka. "Swabra, mimi hujisifu ati nina masikio. Nikiskiza muziki nasikia hata kosa la fundi. Lakini kulikuwa na mtu anaongea pale, na sikuuliza ni nani. Nikasema kata. Hiyo sitajisamehe."

Swabra alikaa juu ya boksi. Hasira ilikuwa ingali kifuani, ila ilikuwa imehama mahali.

"Na mimi ningekwambia," alisema mwishowe. "Nilikuwa nazima nikidhani utaelewa tu. Mtu ataelewaje kitu hajaambiwa?"

"Sasa unakubali?"

"Usianze, Farhan."

"Nimenyamaza."

"Nilikukosa, mjinga wewe."

"Mimi nilikuwa napita mbele ya duka lako nikijifanya naenda sokoni. Niko na nyanya za kuuza kilo kumi."

Swabra akacheka, akalia, akampiga ngumi ya bega, kwa mfululizo huo.

Kanda ilifika Alhamisi. Bi Pili aliipokea kwa mikono miwili, akachukua redio ya zamani, akaingia nayo chumbani na kufunga mlango. Swabra na Farhan walikaa uani kwenye vigoda. Walisikia ngoma kwa mbali, kisha wakasikia mwanamke akilia, kisha ngoma upya. Mara sita. Farhan alikuwa ameinamia magoti yake.

Mlango ukafunguka. Macho ya Bi Pili yalikuwa mekundu, na uso wake umekunjamana kwa ghadhabu.

"Wewe kijana."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usinilainishe. Wiki tatu hizi nimelala nikijua nimemzika mume wangu mara ya pili. Unajua hilo?"

"Najua, mama. Nimekosa."

"Kosa hili haliishi hapa uani, mimi na wewe, hivi hivi. Una wazee?"

"Niko na ami zangu wawili."

"Waje Jumamosi baada ya adhuhuri. Nataka nikugombeze mbele yao, wasikie."

Farhan alimtazama Swabra. Swabra alitazama ukuta, masikio yakimuwaka.

"Mama," Farhan aliuliza kwa uangalifu, "waje mikono mitupu?"

"Umelelewa wapi wewe? Wazee huingia nyumba yenye binti mikono mitupu?"

"Na mimi sijaulizwa?" Swabra alisimama.

"Wewe uliyekuwa ukizima redio ukadhani watu wataota? Nakuuliza sasa. Waje, wasije?"

Swabra alikaa tena kwenye kigoda chake.

"Waje," alisema. "Lakini na mimi nitamgombeza."

"Zamu yako itafika. Tena utakuwa nayo miaka mingi," Bi Pili alijibu, akaingia jikoni na kuanza kuyasukuma masufuria.

Farhan alitoa simu, akampigia ami yake.

"Ami? Asalaam aleikum. Jumamosi usipange kitu. Vaa kanzu, umwambie Ami Mohamed pia... La, si msiba. Kuna mama mmoja hapa amenikasirikia... Sana, Ami. Sana, alhamdulillahi."